Gari Lililosafiri Bila Kutoka Utange: Kisa cha Gemu ya Mazoezi Ndani ya Nyumba ya Magurudumu

Malalamiko yaliyonifikia yalikuwa ya betri. Bwana mmoja, fundi wa friji na AC ambaye kazi zake ziko kwenye mahoteli ya pwani, leo Diani kesho Watamu, alinipigia simu akisema nyumba yake haikai na stima. Jioni taa zafifia, usiku friji yajizima, asubuhi maziwa yameshachacha. "Na mchawi namjua," akasema, "ni hiyo gemu ya mke wangu." Alichotaka ni nimfungie betri ya pili.

Kwa fundi wa sola, mteja anayekuja na jibu mkononi ni mteja mwepesi: unauza, unafunga, unaondoka. Lakini kuongeza betri juu ya mfumo unaovuja ni kumwaga hela, kwa hivyo nilimwambia nitapima kwanza. Nilichokikuta kilikuwa mambo kadhaa yaliyosukana, na betri ndiyo iliyokuwa dogo lao. Wenyewe wameniridhia nikiandike bila kutaja majina, maana naulizwa mara kwa mara na watu wanaogeuza matatu kuukuu kuwa nyumba, na wengi huanza na swali la nafasi. Nafasi haikuwa tatizo hapa.

Nyumba yenyewe ni Coaster iliyostaafu umatatu, imeegeshwa chini ya mwembe katika kiwanja cha shangazi yake bwana huko Utange, Mombasa. Viti vyote viling'olewa. Nyuma pana kitanda, ubavuni kabati la nguo, kisha jiko la gesi, friji ya volti 12, benchi lenye masanduku chini yake, na cherehani ya kukunja. Kati ya jiko na benchi pamebaki ujia wa sentimita 62 kwa upana na mita mbili na kitu kwa urefu. Kutoka sakafuni hadi darini ni sentimita 183. Watoto wamekua, kila mmoja ana kwake. Kupanga nyumba Mombasa na huku mwenyewe unalala Malindi wiki mbili kwa kazi waliona ni kuyalipia kodi makochi, wakaamua kuhama na kazi.

Bibi yake, yule mke mwenye gemu, ana miaka 47. Hushona mabuibui na nguo za watoto, kwa hivyo sehemu kubwa ya siku amekaa. Zahanati ilimwambia sukari imeanza kuchungulia na presha haijatulia, apunguze wanga na autembeze mwili. Binti yao aliyeko Muscat akamtumia Nintendo Switch, mashine ya kuchezea gemu, pamoja na Ring Fit Adventure.

Kwa asiyeijua, gemu hii ilitoka Oktoba 2019. Inakuja na duara gumu linalokubali kukunjika kidogo ukilibana au kulivuta, linaitwa Ring-Con, na mkanda wa kufunga kwenye paja la kushoto. Rimoti mbili ndogo za Switch, Joy-Con, moja huchomekwa kwenye duara na nyingine huingia mfukoni mwa mkanda. Ukikimbia papo hapo, kijana wa kwenye skrini hukimbia. Ukilibana duara, yeye hupiga hewa na kuvunja vizuizi. Ukikutana na maadui, kila pigo ni zoezi: kuchuchumaa, kukunja kiuno, kunyanyua goti, pozi za yoga. Adui mkuu ni joka lililojaa misuli hadi shingo imepotea. Bibi alilipa joka hilo jina la jirani mmoja, na nikaja kuelewa kwa nini.

Hapa ndipo wanaosema "gemu ya mazoezi ndani ya gari haiwezekani" wanapokosea. Wanakumbuka mashine za zamani. Wii ya mwaka 2006 ilitaka urushe mkono kwa nguvu, na mikono iliruka kweli: Desemba mwaka huohuo Nintendo ilitangaza kubadilisha vikamba vya mkononi milioni 3.2 kwa sababu vilikuwa vikikatika na rimoti kuruka ovyo. Kinect ya Microsoft, 2010, ilikuwa kamera. Ili ikuone mwili mzima ilitaka usimame kama mita 1.8 kutoka kwenye runinga, na mkiwa wawili mita 2.4. Katika Coaster hiyo ungesimamia jikoni. Ring Fit haikuangalii. Vihisi vimefungwa mwilini mwako, vinasoma paja linapanda kiasi gani na duara limebanwa kwa nguvu gani, basi ujia wa sentimita 62 unatosha madhali viwiko vyako umevizoesha adabu. Tena haihitaji bando wala akaunti. Kadi inaingia, gemu inaanza. Miwani ya uhalisia pepe singemshauri mtu ndani ya chumba ambacho kona ya kabati iko usawa wa kichwa.

Sasa betri. Swali la kwanza nililomuuliza bwana lilikuwa hili: wiki hii mkeo amecheza? Hajacheza, ni wiki ya pili hii. Na betri? Yazima vilevile. Yeye mwenyewe alinyamaza kidogo hapo.

Nikatoa mita. Runinga ya inchi 24 ilikuwa ikila wati 28. Switch ikiwa kwenye kitako chake cha kuiunganisha na runinga, gemu inachezwa, wati 12 hadi 15. Ukiongeza kinachopotea njiani, kipindi cha dakika 50 kinatumia kama wati-saa 44, yaani wati ukizizidisha kwa saa. Kisha nikazima kila kitu, nikaacha inverta peke yake, kile kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe kama ya ukutani. Ni inverta ya wati 1500, aliinunua akifikiria drili na mashine za kazi, na tangu ifungwe haijawahi kuzimwa. Bila kuendesha hata taa moja ilikuwa ikivuta ampea 1.3. Piga hesabu kwa volti 12: wati karibu 16, kwa saa 24 ni wati-saa 374, zaidi ya mara nane ya gemu, kila siku, kwa kazi ya kuwa macho tu. Betri yao ni ya asidi, ampea-saa 100. Ukiipenda usiitoe zaidi ya nusu, yaani wati-saa 600. Friji nayo, kwa joto la hapa, inakula mia tano na zaidi. Hesabu ilikuwa imeshakataa hata kabla ya mtu kuchomeka Switch.

Upande wa kuingiza nao ulikuwa na kasoro yake. Paneli ya wati 200 ilikuwa juu ya paa, na paa lilikuwa chini ya mwembe. Mombasa tunapata jua la kutosha kuipa paneli saa tano hivi za nguvu kamili kwa siku, kwa hivyo ingetarajiwa kuleta wati-saa 700 au zaidi baada ya hasara. Siku niliyopima haikufika 350. Bwana akasema basi tulisogeze gari juani. Nikamwambia utaishibisha betri na utaoka mke. Tuko digrii nne tu kusini ya ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri liko utosini, na bati la paa halina huruma. Mwembe ule ndio AC yao ya bure. Tukaishusha paneli, nikaichomelea fremu ya miguu minne, ikakaa mahali peupe mita kumi kutoka garini, kwa kebo nene ya milimita 6 ili kinachopotea kisifike asilimia nne. Inverta nikaiwekea swichi kando ya runinga, chini ya macho ya kila mtu. Betri ya pili haikununuliwa. Bwana alifurahi, na angeachia hapo.

Mimi sikuachia hapo kwa sababu ya lile jambo la wiki mbili. Mtu aliyeambiwa na daktari atembeze mwili, akaletewa kitu akakipenda hadi joka akalipa jina, haachi kwa huruma ya betri. Bwana alipokwenda msikitini kuswali adhuhuri, bibi akaniwekea chai na mahamri, yeye akanywa kahawa chungu. Nikamwambia stima sasa ipo, waweza kuendelea. Akageuza kikombe.

"Dadangu, sikufichi. Hilo la betri nilisema mie. Ningemwambia nini? Kwamba mkeo achekwa bombani?"

Ilikuwa hivi. Yeye hucheza baada ya swala ya alfajiri, kabla joto halijaamka na kabla mabinti wa kushonesha hawajaanza kubisha. Kwa kuwa amevaa fulana na suruali ya mazoezi, mapazia yote huyafunga. Sasa jiweke mahali pa jirani. Kiza hakijaondoka sawasawa. Ndani ya gari taa inawaka, mapazia yameshushwa, mume na mke wamo, na gari zima linatikisika, linapanda na kushuka kwa mpigo mmoja, dakika kumi, likatulia, likaanza tena. Siku ya nne kwenye bomba la kiwanja mama mmoja akamwuliza kwa sauti ya kila mtu asikie: "Eti jana mlifika wapi? Maana tuliliona gari laenda alfajiri yote, kuja kutoka jua twalikuta papo hapo!"

Nilicheka. Hata yeye alicheka alipokuwa akinihadithia, lakini bombani hakucheka. Alirudi akaanika leso ya "Hasidi hana sababu" kwenye kamba iliyoelekea mlango wa yule mama, na kwa siku mbili tatu akaona amelipa. Kisha kila alipofunga mkanda pajani alikuwa akisikiliza nje badala ya kutazama skrini. Akaacha. Mumewe alipouliza, betri ikabeba lawama. Na kumweleza mume ukweli kuna ubaya wake: ama atacheka naye, ama atakwenda kumgombeza mtu kwenye kiwanja cha shangazi yake.

Kuna watu watasema hilo ni jambo la wanawake na maneno yao, fundi halimhusu. Mimi nasema lilikuwa hitilafu ya gari, na lina maelezo yake. Gari limejengwa lining'inie juu ya springi. Basi la ukubwa huo, ukilisukuma kisha ukaliacha, mwili wake huchezacheza mara moja hadi mbili kwa sekunde kabla ya kutulia. Mtu anayekimbia taratibu papo hapo hupiga hatua mbili hivi kwa sekunde, au kidogo zaidi. Mipigo hiyo miwili ikikaribiana, kila hatua inalikuta gari linashuka na inalisukuma zaidi, ndivyo mtoto kwenye pembea anavyopandishwa juu kwa visukumo vidogo vinavyokuja kwa wakati wake. Mtu wa kilo sabini na tano anaweza kulitikisa gari la tani tatu na ushei bila kukusudia. Wala si nje tu. Runinga imefungwa ukutani kwa mkono wa chuma, gari likishuka nayo inashuka, macho yanaifukuza skrini ambayo miguu haiitambui, na baada ya robo saa tumbo linachafuka. Bibi alikuwa amekiita kile kichefuchefu "gesi".

Bwana aliporudi, sikumpa habari za bombani. Nilimwambia tupime mtikisiko, ni sehemu ya kazi. Tuliegemeza kijiti nyuma ya bampa, nikachora alama ya kalamu ya rangi usawa wa ukingo wa bampa, kisha nikampandisha yeye akimbie mbio za papo hapo. Bampa ilikuwa ikipita alama kwa zaidi ya vidole viwili juu na chini. Alishuka akaangalia, akaangalia alama, akaangalia nyumba za jirani. "Loh," akasema. Sikuongeza neno, wala yeye.

Dawa yake ni kulivua gari springi zake linapokuwa nyumba. Tulichukua stendi nne za chuma, zile wanazotumia magereji, tukaziweka chini ya chesisi, mbili nyuma ya ekseli ya nyuma na mbili mbele. Chesisi ndiyo ya kushikwa. Ukiweka stendi chini ya ekseli springi zinabaki kufanya kazi yake na umepoteza muda. Magurudumu yanawekewa vigogo mbele na nyuma, breki ya mkono inavutwa, jeki inanyanyua kila kona kidogo tu, stendi inaingia, jeki inashushwa hadi uzito kiasi ulale juu ya chuma. Magurudumu hayaachi ardhi. Chini ya kila stendi panakaa kipande cha mbao pana, kwa sababu udongo wa Utange umechanganyika na mchanga na mguu wa chuma utazama. Na hakuna mtu kuingiza hata mkono chini ya gari wakati liko juu ya jeki peke yake. Hilo nililisema mara mbili na bwana, fundi mwenzangu, hakukasirika.

Akapanda tena kukimbia. Alama ya kalamu sasa ilicheza upana wa mstari wenyewe.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko stendi, nacho ni joto. Nyumba ya matofali ukifunga mapazia, ukuta bado uko mbali na mwili wako na hewa ya chumba inatosha nusu saa. Ndani ya Coaster, kufunga mapazia ni kufunga hewa. Mtu anayefanya mazoezi pale anatoa joto na mvuke, na unyevu wa Mombasa ulivyo jasho halikauki. Latiririka tu, mwili haupoi. Bibi alikuwa na sitara au alikuwa na upepo, si vyote viwili. Switch yenyewe ina mipaka yake: Nintendo wanataka itumike kati ya nyuzi joto 5 na 35, na alasiri za Februari ndani ya gari lililofungwa 35 ni jambo la kupita haraka sana. Ndiyo maana saa yake ya alfajiri ilikuwa saa sahihi, na ndiyo maana sikumshauri ahamie mchana ili kukwepa macho.

Jambo hili wazee wetu walishalimaliza. Pita Mji wa Kale uangalie roshani na madirisha ya juu: vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari, aliye ndani aona njia na apata upepo, aliye chini haoni kitu. Tulipima madirisha mawili ya gari upande wa kusini na moja la kaskazini, seremala akatengeneza fremu nyepesi zenye vibao vya namna hiyo, zinakaa kwa kubana ndani ya dirisha lililofunguliwa. Darini palikuwa na tundu la kuingiza mwanga. Tukaweka panka ya volti 12 inayovuta hewa kutoka ndani kwenda nje. Hewa moto inapanda na kutoka, ya baridi inaingia kupitia vibao kutoka upande wa kivuli. Gari lenyewe tulikuwa tumeligeuza kwanza. Lilikuwa limeelekeza pua kusini, likiukata upepo wa kusi. Sasa limeupa ubavu, na kusi, inayovuma tangu Aprili hadi kama Oktoba, inaingia yenyewe panka ikiwa imezimwa. Kaskazi ikianza kuelekea mwisho wa mwaka, dirisha la upande wa pili litafanya kazi hiyo.

Kwa nini mambo yote haya, mtu atauliza, na bahari iko kilomita chache tu? Atoke atembee. Niliwahi kuwaza hivyo mimi pia, na si wazo baya. Tangu bustani ya Mama Ngina ipangwe upya mwaka 2019 wako akina mama wengi wanaotembea pale asubuhi, wengine na mabuibui yao na raba miguuni, kwa makundi. Lakini hilo neno "makundi" ndilo lenye kazi. Bibi akiwa Utange ana marafiki wawili wa kutembea nao. Wiki mbili baadaye yuko Watamu nyuma ya hoteli, hamjui mtu, mumewe yuko juu ya ngazi tangu saa moja, naye hatatoka peke yake ufukweni kiza hakijaisha. Mwezi unaofuata ni Diani. Anayeishi kwenye magurudumu hupoteza kundi kila anapohama, na mazoezi ya watu wazima, kwa nilivyoona, yanashikiliwa na kundi kuliko na nia. Gemu haiwi mtu wa kundi lake lakini inahama naye, na joka linamngoja palepale alipoliacha. Kwa mtu huyu mmoja naona ni kifaa cha haki. Mtu mwenye mtaa na marafiki ningemwambia kaa na raba zako.

Suala la dakika liliibuka njiani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Bibi alikuwa akicheza karibu saa nzima kisha gemu inamwandikia dakika ishirini na kitu, akaona inamwibia. Haimwibii. Ring Fit inahesabu muda ambao mwili unafanya kazi tu. Kuchagua menyu, kusikiliza maneno ya joka, kupumzika, hivyo vyote havimo. Dakika 25 za gemu kwa siku sita ni 150, lakini atenge dakika 45 au 50 za saa ya ukutani. Zile kalori zinazoonyeshwa mwishoni asizitie moyoni; zinakisiwa kutokana na uzito na umri alioujaza, si kipimo cha maabara.

Mazoezi yenyewe yalihitaji kuchujwa. Mtu wa sentimita 160 akinyoosha mikono juu anafika kama mita mbili, na dari ni 183. Mazoezi ya kubana duara juu ya kichwa anayafanya akiwa ameketi benchini. Yale ya kulala chini na kurusha miguu pembeni hayawezekani kwenye ujia wa sentimita 62, nimeyaona magoti yake yakigonga mlango wa friji, basi ameyaondoa kwenye orodha. Gemu inaruhusu kuchagua. Kuna pia hali ya kimya, ambayo badala ya kukimbia unakunja magoti kidogo na kuinuka. Wengi wataikimbilia hiyo kwa ajili ya majirani wa chini kwenye fleti. Kwake ilikuwa mtihani, kwa sababu magoti yanauma akikunja mara nyingi mfululizo, na mtaalamu wa viungo pale zahanati alimwambia asishuke chini ya usawa wa kiti. Mimi si daktari, sikuingilia. Anaitumia hali ya kimya usiku tu, mumewe akiwa amelala, siku ambazo alfajiri imempita. Asubuhi, juu ya stendi, anakimbia kama kawaida.

Neno moja kuhusu chumvi. Hewa ya bahari inakula vyuma vidogo, na zile reli za pembeni za Joy-Con na pini za kitako ni vyuma vidogo kweli. Vifaa vikishafutwa jasho viingie kwenye kopo linalofunga kwa nguvu, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Viatu alivyotumiwa na binti kutoka Muscat vilikuwa vimeleta vingi.

Mambo mawili hayajaisha. La kwanza, bwana mwenyewe ameanza kucheza. Urefu wake ni sentimita 178, raba zinaongeza mbili au tatu, na akikimbia tu utosi unabusu dari. Kwa sasa anavua viatu na tumegandisha kipande cha sponji pale juu. La pili ni safari. Stendi nne, jeki, vigogo na fremu za madirisha vimeongeza mzigo na nusu saa ya kazi kila wanapofika mahali, na nusu saa hiyo inaangukia jioni watu wamechoka. Bwana anasema atafanya. Bibi anasema asipofanya hakuna kulala, gari litasafiri tena. Kwa Diani nimewakatia mbao nyingine, pana mara mbili ya za Utange, kwa kuwa mchanga wa kule ni mlaini na nyembamba zingezama usiku wa kwanza.